Bei kwa faida, thamani ya vitabuni au gawio: kipimo kipi cha kutegemea kwenye masoko ya hisa yanayoibukia?

Mwishoni mwa 2019 hisa moja ya benki ya CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam iliuzwa kwa karibu shilingi 100 za Tanzania. Agosti 2021, katika Soko la Hisa la Nairobi, hisa moja ya Safaricom ilifika karibu shilingi 44 za Kenya. Aliyenunua CRDB akatulia nayo, miaka mitano baadaye aliikuta imepita shilingi 600. Aliyenunua Safaricom kwa bei ile ya kileleni, Januari 2024 aliikuta kwenye 13 hivi. Kampuni zote mbili zilikuwa zinapata faida muda wote huo, zote zilitoa gawio kila mwaka, na zote zina majina ambayo hata asiyejua hisa anayajua.

Je, tofauti hiyo ilionekana mapema kwenye hesabu zao? Kwa kiasi kikubwa ilionekana, ila si kwenye kila namba. Hapa nalinganisha vipimo vinne ambavyo wawekezaji wa masoko machanga huvishika zaidi: bei kwa faida (ile P/E, yaani bei ya hisa ukiigawa kwa faida ya mwaka kwa kila hisa), bei kwa thamani ya vitabuni, gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa), na faida kwa mtaji. Cha kwanza nakipa nafasi ya mbele. Cha pili nakiweka mwisho, isipokuwa kwa benki, na hata huko kwa masharti.

Hisa mbili ubavu kwa ubavu

| | CRDB, mwisho wa 2019 | CRDB, mwisho wa 2024 | Safaricom, Agosti 2021 | Safaricom, Januari 2024 |
|---|---|---|---|---|
| Bei | karibu 100 | zaidi ya 600 | karibu 44 | karibu 13 |
| Faida kwa kila hisa | 46 | 211 | 1.71 | 1.55 |
| Bei kwa faida | 2 | 3 | 26 | 8 |
| Gawio la mwaka | 17 | 65 | 1.37 | 1.20 |

Za CRDB ni faida na gawio la mwaka husika. Za Safaricom ni za mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 na ule ulioishia Machi 2023, maana ndizo zilizokuwa mezani siku hizo.

Pato la mwenye hisa linatoka sehemu tatu tu: faida ya kampuni ikikua, watu wakikubali kulipa zaidi kwa kila shilingi ya faida ile ile, na gawio linaloingia mfukoni. Ukiligawa pato kwa sehemu hizo, utaona haraka kama kampuni ndiyo iliyofanya kazi au ni soko lililobadilisha moyo.

CRDB kampuni ndiyo iliyofanya kazi. Faida ya mwaka ilitoka shilingi bilioni 120 ikafika bilioni 551, na idadi ya hisa ilibaki ile ile, bilioni 2.6. Faida kwa kila hisa ikazidishwa mara nne na nusu. Uwiano wa bei kwa faida ulipanda kidogo, kutoka 2 kwenda 3. Kisha kuna gawio. Shilingi 17 kwa mwaka wa 2019, halafu 22, 36, 45 na 50 kwa miaka iliyofuata: jumla 170 kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Aliyenunua kwa 100 alirudishiwa hela yake yote na zaidi kwa magawio peke yake, hisa ikiwa bado ni yake.

Safaricom ni kinyume. Faida kwa kila hisa ilishuka kwa asilimia 9 tu, lakini bei ilianguka kwa asilimia 70. Kilichoporomoka ni ule uwiano, kutoka 26 hadi 8. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeifikisha asilimia 5.25 hadi 5.50. Wageni, ambao ndio waliokuwa wakinunua na kuuza kwa wingi Nairobi, wakaanza kutoka, na mlango wao wa kutokea ulikuwa Safaricom kwa sababu ndiyo hisa iliyokuwa rahisi kuuza kwa wingi. Shilingi ya Kenya ilitoka kwenye 109 kwa dola hadi karibu 160. Benki Kuu ya Kenya nayo ikapandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 13, na Februari 2024 serikali ikauza hatifungani (hati ya kuikopesha serikali) ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa bei ya 44, gawio la Safaricom lilikuwa asilimia 3 ya bei. Nani angeacha 18 ya serikali akumbatie 3?

Wapo wanaosema mfano huu unathibitisha kuwa misingi ya kampuni haina maana kwenye masoko yetu. Mimi nausoma vingine. Ile P/E ya 26 ilikuwa ni sehemu ya misingi pia. Ilikuwa inakuambia kwamba umeshalipia ukuaji wa miaka mingi kabla haujatokea. Na ile 8 ya Januari 2024 ilikuwa inasema kinyume chake. Katikati ya 2025 shilingi ilikuwa imetulia kwenye 129 hivi, riba zilikuwa zinashuka, na Safaricom ilikuwa imerudi karibu shilingi 25, ilhali faida kwa kila hisa ilikuwa imepanda kutoka 1.55 hadi 1.74 tu. Kampuni ile ile, simu zile zile, M-Pesa ile ile.

Bei kwa faida

Ushahidi bora ninaoujua wa kukipendelea kipimo hiki unatoka China. Mwaka 2019 watafiti Jianan Liu, Robert Stambaugh na Yu Yuan walichapisha uchunguzi wa soko la huko wakiuliza swali hili hili: kati ya faida na thamani ya vitabuni, ipi inaeleza vizuri zaidi kwa nini hisa moja inalipa kuliko nyingine? Marekani, tangu kazi ya wachumi Fama na French ya 1992, jibu lililozoeleka lilikuwa thamani ya vitabuni. China faida ilishinda, tena kwa namna ambayo ukishaiweka faida kwenye hesabu, thamani ya vitabuni haiongezi kitu.

Lakini walifanya jambo moja kabla ya kupima, na ndilo linalonivutia. Waliondoa asilimia 30 ya kampuni ndogo kuliko zote. Kwa miaka mingi kampuni ya China iliyotaka kuingia sokoni ilipaswa kungoja kibali cha mdhibiti kwenye foleni ndefu. Wasiotaka kungoja walinunua kampuni ndogo ambayo tayari imeorodheshwa, wakaingiza biashara yao humo ndani. Kwa hiyo bei ya kampuni ndogo hasa ilikuwa bei ya nafasi yake kwenye ubao wa soko. Biashara yake ilichangia kidogo. Kampuni inaweza kupata hasara kila mwaka na bado hisa yake ikapanda, kwa kuwa mtu fulani anaitaka kama ganda. Ukipima misingi ya kampuni kama hizo unapima hewa. Kila soko lina vituko vyake vya namna hii, na kazi ya kwanza ya anayepima ni kuvijua vya soko lake.

Udhaifu wa kipimo cha faida ni kwamba lazima ujue ni faida ipi. Turudi Safaricom, safari hii mwaka ulioishia Machi 2024. Magazeti yaliandika faida ya kundi zima: shilingi bilioni 42.7. Ukigawa kwa hisa bilioni 40.07 unapata 1.07. Ripoti yenyewe inaonyesha faida kwa kila hisa ya 1.57. Hakuna aliyedanganya. Biashara ya Ethiopia, iliyozinduliwa Oktoba 2022, ilikuwa bado inakula hasara, na Safaricom inamiliki zaidi kidogo ya nusu yake. Sehemu iliyobaki ya hasara ni ya wabia. Ukiondoa mzigo wao, faida inayowahusu wanahisa wa Safaricom ni bilioni 63. Kwa bei ya shilingi 15, mtu wa kwanza anaona P/E ya 14, wa pili anaona 9.5. Mmoja ataiita ghali, mwingine ataiita rahisi, na wote wameshika ripoti moja. Namba ya kutumia ni ile ya faida inayowahusu wenye hisa wa kampuni mama, na huwa iko mstari wa chini kabisa wa taarifa ya mapato, pale wengi wanapoacha kusoma.

Jingine la kuangalia ni faida ya mara moja. Kampuni ikiuza kiwanja au jengo, faida ya mwaka huo inavimba na P/E inaonekana ndogo. Mwaka unaofuata hakuna kiwanja cha kuuza. Dawa yake ni kutumia wastani wa miaka mitatu au zaidi, hasa kwa kampuni za saruji, sukari na chai ambazo mwaka mmoja ni wa neema na mwingine wa njaa.

Thamani ya vitabuni

Hiki ndicho kipimo kinachopendwa sana na vitabu vya darasani. Toa madeni kwenye mali, gawa kwa idadi ya hisa, linganisha na bei. Ikiwa bei ni 0.6 ya thamani hiyo, unanunua shilingi kwa senti 60. Kinachosahaulika ni kwamba unanunua shilingi iliyoandikwa na mhasibu.

Mumias Sugar iliingia soko la Nairobi mwaka 2001. Kabla ya kuanguka kwake kuna miaka ambayo bei ya hisa ilikuwa chini kabisa ya thamani ya vitabuni, kwa sababu vitabuni kulikuwa na kiwanda, mitambo na mashamba. Mitambo ambayo haina miwa ya kusaga haina bei hiyo inayoandikwa. Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu (msimamizi anayeshika mali kwa niaba ya mkopeshaji), na mwenye hisa wa kawaida, ambaye kisheria hulipwa mwisho, alibaki na karatasi.

Mfumuko wa bei nao unaivuruga namba hii kwa upande wa pili. Uturuki ilihesabiwa kuwa na mfumuko uliokithiri tangu 2022, na kampuni zake zikaja kulazimika kurekebisha hesabu zao kwa kufuata mfumuko huo. Kabla ya marekebisho, jengo lililonunuliwa miaka 15 nyuma lilikaa vitabuni kwa lira za zamani, thamani ikaonekana ndogo mno. Ukilinganisha kampuni mbili za Istanbul, moja yenye majengo ya zamani na nyingine ya mapya, kwa kipimo hiki hulinganishi biashara, unalinganisha tarehe za risiti.

Halafu kuna Korea Kusini, ambayo MSCI bado wanaiweka na masoko yanayoibukia na FTSE, watunga faharasa za hisa kama wao, wanasema imeshaendelea. Mwenye hisa wa Seoul hiyo si shida yake. Shida yake ni kwamba kwa miaka mingi kampuni nyingi sana za huko zimeuzwa chini ya thamani ya vitabuni, na nyingine ni kampuni nzuri zenye fedha nyingi benki. Familia zinazozishika hazikuwa na haraka ya kugawa fedha hizo. Serikali ilitangaza mpango mahsusi Februari 2024 wa kuzisukuma kampuni zipandishe thamani ya hisa. Somo kwa mnunuzi ni kwamba mali iliyofungiwa ndani inaweza kukaa humo kizazi kizima.

Kwa benki mambo ni tofauti, maana mali ya benki ni mikopo na hatifungani, na hizo zina thamani ya fedha iliyo wazi zaidi kuliko kinu cha sukari. Hata hivyo lazima uikune kwanza. Chukua KCB mwishoni mwa 2023. Hisa ilikuwa shilingi 22 hivi. Mtaji wa wanahisa ulikuwa zaidi kidogo ya bilioni 220, hisa ni bilioni 3.2, kwa hiyo thamani ya vitabuni ilikuwa karibu 70 kwa hisa. Bei ilikuwa chini ya theluthi moja. Lakini mikopo chechefu (isiyolipwa inavyotakiwa) ilikuwa zaidi ya bilioni 200, karibu sawa na mtaji wote. Sasa fanya hesabu ya mtu mwenye wasiwasi: chukulia nusu ya mikopo hiyo imepotea kabisa na haijatengewa hata senti moja, jambo ambalo ni baya kuliko hali halisi kwa kuwa benki ilikuwa tayari imetenga akiba kwa sehemu kubwa yake. Toa bilioni 100 kwenye 220. Zinabaki 120, sawa na shilingi 37 kwa hisa. Bado ni juu ya 22.

Hapo thamani ya vitabuni ilisema kitu cha kweli. Mwaka 2024 hisa hiyo ilipanda karibu mara mbili. Ila ona kwamba P/E nayo ilikuwa inasema hilo hilo, ikiwa kwenye 2 hivi, bila hesabu yote hii.

Gawio

Gawio lina sifa moja ambayo vipimo vingine havina: haliwezi kuwa la kubuni kwa muda mrefu. Faida ni maoni ya mhasibu, hasa kwenye nchi ambayo ukaguzi una mashaka. Gawio ni fedha iliyotoka benki ya kampuni ikaingia ya kwako. Kwenye masoko ambayo mwenye hisa ndogo hana sauti mbele ya mwenye hisa nyingi, iwe ni serikali, familia au kampuni mama ya ng'ambo, gawio linaonyesha kama yule mkubwa anakukumbuka.

Lakini kipimo cha gawio kwa bei huwaponza watu wanaokimbilia namba kubwa. BAT Kenya, kampuni ya sigara, ililipa shilingi 57 kwa mwaka wa 2022, kisha 50 kwa 2023 na 50 tena kwa 2024. Kwa bei za miaka hiyo, gawio hilo lilizidi asilimia 10, na wengi hawakuangalia zaidi ya hapo. Faida kwa kila hisa wakati huo ilitoka karibu 69 ikaja karibu 56, kisha karibu 45. Soma mstari wa mwisho tena: kampuni ilipata 45 ikagawa 50. Inawezekana, na haina ubaya kwa mwaka mmoja ikiwa fedha ipo, ila gawio linalozidi faida haliwezi kuendelea hivyo hivyo. Kabla ya kufurahia asilimia, gawa gawio kwa faida. Ikizidi 90 kwa 100, bei unayolipa inategemea faida ipande.

Na kutokuwepo kwa gawio si lazima kuwe na maana mbaya. KCB haikutoa gawio la mwaka 2023 hata kidogo; aliyeichuja kwa kigezo hiki angeikosa kabisa kwenye mwaka wake bora.

Faida kwa mtaji

Kipimo hiki kinauliza: kampuni inazalisha nini kwa kila shilingi 100 za wenyewe? Peke yake hakielezi sana pato la hisa, kwa sababu kila mtu anaijua kampuni nzuri na bei imeshapanda. Nguvu yake ni kukutafsiria thamani ya vitabuni. Zidisha faida kwa mtaji na P/E, unapata bei kwa thamani ya vitabuni. KCB ya 2023 ilizalisha asilimia 16 hivi kwa mtaji. Kwa P/E ya 2, ni 0.32, ile theluthi yetu. Sasa weka pembeni ile hatifungani ya asilimia 18. Benki inayozalisha 16 wakati serikali inalipa 18 inastahili kuuzwa chini ya thamani ya vitabuni. Kinachobaki kubishaniwa ni chini kiasi gani. Riba zikishuka hadi 13, benki ile ile bila kubadilisha kitu inastahili zaidi. Ndiyo maana hisa za benki Afrika Mashariki huruka riba zikianza kushuka, hata kabla faida haijaonekana.

Kampuni au nchi?

Mwaka 2000 Randall Morck, Bernard Yeung na Wayne Yu walipima ni sehemu gani ya mwendo wa hisa moja moja inaelezwa na mwendo wa soko zima. Kwa takwimu za 1995, Marekani ilikuwa asilimia 2 hivi. China ilikuwa 45, Poland 57. Maana yake ni kwamba kwenye masoko machanga hisa hupanda na kushuka kwa kundi, nzuri na mbaya pamoja, na walihusisha hali hiyo na ulinzi dhaifu wa haki za wenye mali. Mtu hahangaiki kusoma hesabu ya kampuni ikiwa faida yake inaweza kuchukuliwa na mkubwa.

Kenya iliwahi kutoa mfano wake. Agosti 2016 rais alitia saini sheria ya kuweka ukomo wa riba za mikopo, asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na hisa za benki zikaanguka ndani ya siku chache. Hakuna mizania (hesabu ya mali na madeni) ya benki iliyokuwa na onyo hilo. Sheria ilidumu hadi Novemba 2019.

Hata hivyo, Geert Rouwenhorst alipochunguza kampuni 1,705 za nchi 20 zinazoibukia, matokeo yake ya 1999 yalionyesha kwamba ndani ya kila nchi hisa rahisi kwa vitabu zilizishinda ghali, kama Marekani tu. Matokeo haya mawili hayapingani. Nchi inaamua mwaka utakuwaje. Hesabu za kampuni zinaamua nani atakuwa mbele ya nani ndani ya nchi hiyo. Kwa anayenunua kwa miezi sita, riba na dola zina uzito kuliko mizania yoyote. Kwa anayekaa miaka mitano, mizani inageuka.

Kwa wanaoandika tasnifu

Kila mwaka vyuo vyetu hutoa kazi zenye kichwa kinachofanana: athari za faida, gawio na mtaji kwa hisa za Nairobi. Nyingi hulinganisha *bei* ya hisa na faida kwa kila hisa, zikapata uhusiano wa asilimia 80 na kushangilia. Hilo halielezi pato. Hisa ya kampuni iliyogawanya mtaji wake vipande vichache itakuwa na bei kubwa na faida kubwa kwa kila hisa, basi. Linganisha mabadiliko ya bei pamoja na gawio, dhidi ya uwiano ulivyokuwa mwanzo wa kipindi.

Tarehe nazo. Hesabu za Desemba hazijulikani Desemba. Kenya kampuni ina hadi miezi minne kuzichapisha. Ukizitumia kueleza pato la Januari umempa mwekezaji wako macho ya kuona kesho. Subiri angalau hadi Mei. Pia usiziache nje kampuni zilizokufa. Sampuli yenye kampuni zilizobaki hai tu, bila Mumias, bila ARM Cement iliyowekwa chini ya msimamizi 2018, itakuambia kwamba kununua hisa zilizochakaa kwa bei rahisi hulipa kila mara.

Chagua hivi

Mwenye muda mchache na anayetaka kipimo kimoja: P/E ya faida ya wastani wa miaka mitatu, ndani ya nchi moja, na usinunue kitu ambacho P/E yake ni zaidi ya mara mbili ya wenzake bila sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Anayeogopa hesabu za kupikwa aongeze gawio la miaka mitano mfululizo linalofunikwa na faida. Anayenunua benki atumie thamani ya vitabuni baada ya kuikata mikopo chechefu, kisha ailinganishe faida kwa mtaji na riba ya hatifungani ya serikali ya wakati huo. Viwanda, mashamba na mashirika ya ndege: thamani ya vitabuni iachwe kabisa. Kenya, fuatilia pia maonyo ya faida. Sheria inaitaka kampuni itangaze ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, na tangazo hilo lina habari nyingi kuliko kurasa 200 za ripoti ya mwaka.

Na kwa Dar es Salaam, Kigali au Kampala, kabla ya kukokotoa chochote angalia tarehe ya muamala wa mwisho. CRDB na NMB zinauzwa karibu kila siku, lakini zipo hisa zinazopita wiki bila mtu kuzigusa, na bei inayoonekana ubaoni ni ya siku nyingi. P/E ya 4 kwa bei ya aina hiyo haina maana mpaka umpigie dalali wako na kumuuliza ni hisa ngapi zinauzwa leo, na mwenye nazo anataka shilingi ngapi.